Masika ya Ekseli Mbili

2 Machi

Mke mwenzangu, miezi kumi na minne. Nimehesabu vidole vya mikono vikaisha, nikaingia vya miguu. Usiniambie kazi. Hata mbu ana kazi, na bado kila jioni anapita kunisalimu. Ulipokuwa darasa la pili ulinikalisha kwenye meza hii ukanifundisha herufi, nikikosea unanigonga vidole kwa rula, ukasema siku moja nitakuandikia barua nawe utajibu. Ukapata simu, barua zikafa. Nami nikikupigia unasema "ndiyo Bibi, ndiyo Bibi" huku nasikia unatafuna. Basi naandika humu. Ukija utalisoma daftari lote, umekaa chini, mdomo mtupu.

Jambo lenyewe ni gari. Kobe yuko bandani tangu masika yaliyopita, matako juu ya magogo mawili, tairi za nyuma zimetolewa. Kwa nini, unajua, ila hukuja msibani, ulituma ujumbe, kwa hiyo nitaandika mara moja na sitarudia. Shangazi yako alishikwa na uchungu kwake kule kilimani. Baba yako akaenda kumchukua. Wakati wa kurudi, walipokuwa wanapanda kutoka korongoni, shafti ya ndani ya ekseli ya nyuma ikakatika na gurudumu likalala pembeni kama mlevi. Walikaa kwenye matope saa sita. Mtoto alizaliwa garini na hakulia.

Sasa shangazi yako ana mimba nyingine. Mkunga wa zahanati anasema mwanzo wa Mei. Masika yakishashika, gari linalofika kule ni Kobe tu. Nimemwambia ashuke mapema akae kwangu. Anasema mama mkwe wake kalala kitandani, hana mwingine wa kumgeuza, atashuka wiki ya mwisho. Kichwa kigumu. Sijui kakirithi kwa nani, na wewe usinijibu.

Kwa hiyo Kobe lazima asimame kwa miguu yake kabla ya mwisho wa Aprili.

5 Machi

Leo walikaa kikao, baba yako na Fundi. Fundi ndiye yule mdogo wake marehemu babu yako, ila tangu azeeke kanenepa kiburi akakonda mwili. Walikaa kwenye ndoo mbili za rangi chini ya matako ya Kobe, nami nikachambua mboga nikiwasikiliza.

Fundi anasema ekseli haina kosa. Tatizo ni shafti za ndani. Ziwekwe nene zaidi, za chuma kigumu, kisha achomelee ubavu wa chuma chini ya bomba la ekseli lisijipinde.

Baba yako anasema hataki kuiona tena. Itolewe yote, bomba, difu, yaani meno ya katikati, kila kitu, aweke ekseli nzima ya gari kubwa. Kasikia ipo kwenye yadi ya magari mabovu.

"Jino likikuuma unabadilisha kichwa?" Fundi akamuuliza.

"Kichwa kikishaua mtu, nabadilisha."

Fundi akainuka, akaikung'uta suruali ambayo haina sehemu isiyo na grisi, akaenda zake. Nikamwambia baba yako, huyo ni baba yako mdogo, amekufundisha kushika spana kabla hujajua kujisafisha. Akasema, "Mama, chambua mboga."

Nimechambua. Lakini nimekasirika.

9 Machi

Mawingu. Hayajaamua.

10 Machi

Yameamua.

16 Machi

Ekseli ya yadi imefika kwa mkokoteni, wanaume watatu wakiusukuma na wa nne akitoa amri. Ni kubwa kweli. Imenenepa katikati kama chungu, imejaa kutu, na ndani ya bomba kulikuwa na kiota cha panya. Mama yako akauliza kama panya wamo kwenye mapatano.

Fundi alikuja akasimama getini. Hakuingia. Baba yako akamwomba waifunge pamoja.

"Mimi sishiki," akasema. "Wewe umeona unajua. Funga."

18 Machi

Mvua. Baba yako peke yake chini ya gari, miguu nje.

19 Machi

Mvua. Miguu nje.

23 Machi

Ekseli ya Kobe imeshuka, imelazwa ukutani. Ile kubwa haikai mahali pake. Vikalio vya springi viko mbali mno, ikabidi avikate na kuvichomelea upya. Namshikia taa. Mkono ukichoka nahamishia mwingine, ukichoka nao naushikilia kwa goti, na goti lenyewe unalijua. Siku nzima hatuongei zaidi ya "kulia", "chini", "hapo hapo".

Nilidhani anajionyesha. Leo nimemwona akiacha kazi, kakaa chini, anaitazama ile ekseli ya zamani muda mrefu. Akasema bila kunigeukia, "Sauti yake, Mama. Ilipokatika ilitoa sauti ndogo tu. Nilidhani nimekanyaga kijiti." Halafu akarudi chini.

Nikaona nimemkasirikia bure karibu wiki tatu.

28 Machi

Leo sikupumzika, na nikiandika yote labda nitalala.

Fundi hajapita hapa siku kumi na mbili. Mchana nikachukua mwavuli nikaenda kwake kumtukana. Nilikuwa nimeshapanga na maneno. Mlango wazi, yeye kakaa kitandani, na mezani, juu ya gazeti, ipo ile shafti iliyokatika. Kaiosha kwa mafuta ya taa hadi inang'aa. Kaiweka kama mtu anavyoweka picha.

Nikamwambia, "Shemeji, kumbe una mgeni."

Hakucheka. Akaniita karibu, akanishika kidole akakipitisha kwenye meno ya shafti, pale inapoingia kwenye difu. Meno yamejipinda. Yanazunguka kama msuko wa nywele badala ya kwenda moja kwa moja.

"Haya hayakujipinda siku ile," akasema. "Yalishajipinda. Mwezi mmoja kabla niliifungua, unakumbuka, nilikuwa nabadilisha oili. Niliyaona. Nikasema itavuka masika, nitaagiza mpya yakipita. Nikairudisha."

Nikakaa. Nilikuwa nimesahau maneno yote niliyoyapanga.

"Kijana anasema ekseli iliua," akasema. "Haikuua ekseli."

Mke mwenzangu, nilitaka kumpiga. Mkono ulishainuka. Halafu nikaikumbuka siku ile ya oili. Nani alikuja kusimama kwenye mlango wa banda, mikono kiunoni, akisema funga hilo gari haraka, mabati ya jiko langu yako stendi yanalowa? Mimi. Nilimsimamia mpaka akafunga nati ya mwisho. Mabati. Nayo yanavuja.

Akaniomba nisimwambie baba yako wala shangazi yako. Nikamwambia sitakusemea na sitakufichia. Utasema mwenyewe, na kinachonihusu mimi nitakisema mwenyewe.

Nikarudi na mwavuli sijaufungua. Mama yako akaniuliza kama nimetoka kuogelea.

30 Machi

Mvua. Jiko linavuja juu ya kichwa changu. Sawa tu.

3 Aprili

Kobe kashuka kwenye magogo. Kasimama juu, kapanua miguu ya nyuma kuliko ya mbele, kama mtu aliyepanda punda siku nzima. Baba yako kampeleka barabarani akarudi anacheka, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Nami nikacheka.

4 Aprili

Leo kaingiza gia ya magurudumu yote manne, kwenye barabara kavu mbele ya nyumba. Kobe akaanza kujivuta. Tairi zinalia, gari linarukaruka kama limefungwa kamba. Kuitoa gia ikakataa, ikabidi arudi kinyumenyume ndipo ikaachia.

"Itazoea," akasema.

Kitu cha chuma hakizoei. Nimekaa na chuma miaka arobaini.

6 Aprili

Nimelala chali kwenye gunia chini ya gari, umri wangu huu, chaki mkononi. Mama yako nje anazungusha tairi na kulalamika kwamba hakuolewa kuja kufanya haya. Nikamwambia mimi niliolewa kufanya haya haya.

Sikuwahi kukueleza. Babu yako, akitengeneza magari, hakuweza kutazama sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo macho mengine yalikuwa yangu. Unainua tairi moja. Unachora chaki kwenye tairi na kwenye propela, lile bomba refu linalotoka kwenye gia. Tairi linazungushwa mara mbili kamili, nawe unahesabu propela imezunguka mara ngapi. Mbele na nyuma lazima zilingane. Zisipolingana, mbele inataka mwendo wake na nyuma wake, na sanduku la gia linalozishikilia katikati linachanika.

Mbele: nne na kidogo. Nyuma: tatu na zaidi ya nusu, nne haikufika. Nikarudia. Nikamwambia mama yako asizungushe kama anayesukuma mtu kwa hasira. Nikarudia tena. Vilevile.

Baba yako aliporudi nikamwambia.

"Mama, hiyo ekseli ni kubwa, ina nguvu mara mbili."

"Sijakuuliza ukubwa. Nimekuhesabia."

"Matopeni tairi zinateleza. Hazitagombana."

"Na pale kwenye mwamba, ukitoka tu korongoni? Mwamba nao utateleza?"

Akaingia ndani. Akatoka na taa, akalala kwenye gunia langu, akahesabu mwenyewe. Alikaa chini huko muda mrefu baada ya kumaliza kuhesabu. Nikaona miguu yake tu. Imezeeka, miguu ya mwanangu.

7 Aprili

Ekseli ya mbele inayolingana na ile kubwa yadi hawana, ilishauzwa. Hakuna njia nyingine. Ile ya zamani irudi, na shafti nene ndani, na ubavu wa chuma. Yaani alivyosema Fundi.

Nilimpeleka baba yako mwenyewe kwa Fundi, kama mtoto anayekwenda kuomba radhi kwa jirani. Alisema, "Baba mdogo, ulikuwa sahihi." Na Fundi, mtu mwenye kiburi cha kugawia kijiji, akasema, "Usiseme hivyo. Tafadhali usiseme." Baba yako akadhani ni adabu.

Nilimtazama Fundi usoni. Akatazama chini. Sawa. Nasubiri.

11 Aprili

Kobe kwenye magogo tena. Mvua.

15 Aprili

Shafti mpya zimefika kwa basi, zimefungwa kwenye karatasi ya mafuta. Fundi kaweka sharti: hakuna kinachoingia kwenye ekseli kabla baba yako hajakishika, hajakigeuza, hajakipitisha kidole meno yote. Hata beringi. Hata nati.

"Baba mdogo, wewe umeshaangalia, inatosha."

"Angalia wewe."

Baba yako anaangalia. Anafikiri anafundishwa kazi.

19 Aprili

Shangazi yako kapiga simu. Atashuka tarehe 28. Nikamwambia njoo leo. Akasema, "Mama, nimesema 28." Nikamwuliza gari je, ataogopa? Akasema, "Huko ndani nitaingiaje, Mama?"

Mwenye jibu ni Fundi, naye yuko chini ya gari na mashine ya kuchomelea.

23 Aprili

Ubavu umechomelewa, kidogo upande huu, kidogo upande ule, bomba lisijipinde kwa joto. Tairi zimefungwa jioni. Nimehesabu tena mbele na nyuma. Nne na kidogo, nne na kidogo. Kesho watalijaribu.

25 Aprili

Jana halikujaribiwa. Naandika leo kwa sababu jana mikono haikushika kalamu.

Saa moja asubuhi, simu. Mume wa shangazi yako, sauti imempanda. Chupa ya uzazi imepasuka. Wiki moja mapema, na mvua inanyesha tangu alfajiri.

Baba yako alikuwa na funguo mkononi na hakusogea. Alisimama katikati ya uwanja analowa. Akasema, "Aendeshe mwingine." Nikamwambia mwingine yuko wapi, mwingine ni mimi, nami nitakuendeshea hadi kwenye mti wa kwanza. Fundi akapanda nyuma kwenye turubai bila kuambiwa. Nikapanda mbele. Ndipo baba yako akapanda.

Kwenda, sitasimulia. Tulifika.

Shangazi yako alikuwa kasimama uani, kashika nguzo, nguo zimemganda mwilini. Mumewe anamvuta mkono, yeye anatazama gari tu. Ameganda. Uchungu ukampitia, akainama, akainuka, akatazama tena.

"Siingii."

Baba yako akaanza kueleza, ekseli ile ile lakini ndani mpya, ubavu mpya, tumehesabu. Shangazi yako hakumsikiliza hata kidogo. Alimtazama Fundi, aliyekuwa anashuka nyuma.

"Baba mdogo. Umeiangalia?"

"Nimeiangalia."

"Na mwaka jana uliiangalia?"

Mke mwenzangu, nilisikia mvua ikigonga bati la jirani. Angeweza kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa kweli.

"Niliiangalia," akasema. "Nikaona shafti imejipinda. Nikairudisha. Nilijua, nikairudisha."

Nami nikaona hapa usipofungua mdomo, mwanamke, hutaufungua tena. Nikasema, "Na mimi ndiye niliyemharakisha. Kwa ajili ya mabati yangu. Sikujua ameona nini, lakini sikumpa nafasi ya kuniambia."

Baba yako alitoka kwenye usukani. Alizunguka gari zima. Nilidhani anamwendea Fundi, nikajiweka katikati, goti na yote. Hakumwendea. Alisimama nyuma ya gari, mikono juu ya turubai, mgongo kwetu, mabega yanatikisika. Mwaka mzima hatia hiyo ameibeba yeye.

Shangazi yako hakunitazama. Uchungu ulimjia tena, mrefu kuliko wa kwanza. Ulipoisha alisema, polepole, kama mtu anayepanga vyombo:

"Sasa hivi ikoje?"

"Nzima," Fundi akasema. "Ila haijajaribiwa. Hii ndiyo safari yake ya kwanza."

"Nani kaona vya ndani?"

"Ndugu yako. Kila kimoja, kwa mkono wake."

Akamtazama ndugu yake. Baba yako akageuka, akaitikia kwa kichwa.

"Basi napanda," akasema. "Na wewe, Baba mdogo, utakaa nyuma, chini, juu ya hiyo ekseli. Ikitoa sauti uisikie wewe kwanza."

Akapanda. Tulimlaza nyuma, kichwa mapajani mwangu, Fundi kalala kifudifudi sikio kwenye bodi ya gari. Mumewe alibaki na mamake.

Kule korongoni maji yalifika kwenye milango. Tulipoanza kupanda, tairi za nyuma zikazama, baba yako akaanza kukanyaga mafuta. Fundi akapiga bodi kwa kiganja. "Acha. Acha. Usilazimishe, utamvunja." Akaruka kwenye maji yale, mzee yule, akatia mawe chini ya tairi, moja moja, akiyapanga kana kwamba anajenga nyumba. Shangazi yako aliuma kanga yangu. Nilikuwa namwimbia sijui nini. Fundi akarudi, akalala, akaweka sikio. "Polepole. Mpe mafuta. Mpe tena."

Kobe akaguna. Akainuka. Akauvuka mwamba bila kulia.

Mkunga alitukuta mlangoni mwa zahanati. Saa tano na dakika chache. Msichana. Alilia kabla hajamaliza kutoka, nami nikakaa chini sakafuni pale pale kwenye matone yetu ya matope, na mtu wa usafi akaniambia, "Bibi, inuka." Nikamwambia nipishe, nimechoka.

27 Aprili

Shangazi yako na mtoto wametoka zahanati, wako chumbani kwangu. Mimi nalala jikoni, chini ya mabati.

30 Aprili

Shangazi yako ananiambia, "Mama, nipe maji." "Mama, funga dirisha." Zaidi ya hapo hakuna. Nampa maji. Nafunga dirisha. Baba yako anawasha gari, anazima, anakagua chini, anaondoka.

4 Mei

Leo, wakati anakunywa uji, alinikabidhi mtoto, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mzigo kidogo afunge kiatu. Nilimshika. Ana mikono mikubwa. Nilipomrudisha, shangazi yako alisema, "Shika tu, sijamaliza." Alikuwa amemaliza, bakuli lilikuwa tupu.

9 Mei

Mvua inapungua. Wanakuja watu wa kilimani kumwona Kobe kama yeye ndiye aliyejifungua. Baba yako ameshawaleta chini wanawake wawili wiki hii. Kila jioni anafungua, anaangalia, anafunga. Baba yako haongei na Fundi, wala hagombani naye. Anaacha spana anayoihitaji Fundi getini, mahali ambapo Fundi ataiona. Tumefikia hapo.

Fundi mwenyewe haji ndani. Anafika getini, anauliza kama mtoto ananyonya, namjibu ndiyo, anakwenda. Shangazi yako anaisikia sauti yake na hasemi "mwambie aingie", wala hasemi "mwambie asije". Namjua. Hajui aanzie wapi, na mimi siwezi kumwanzia, maana nami nilikuwa mlangoni siku ile.

Wewe hukuwepo. Huna ulichofunga wala ulichoharakisha. Kwa hiyo, mke mwenzangu, utakapokuja, na utakuja mwezi huu, usinipitie kwanza. Shuka kwenye basi uende moja kwa moja kwa Fundi. Atasema ana kazi; hana. Atasema nguo chafu, hakuna nyingine. Mshike mkono, umlete, mpite getini bila kubisha, mkae wawili kwenye kizingiti cha chumba changu. Usiseme chochote. Kaeni hapo hata kama ni kutwa nzima, mpaka shangazi yako achoke kumbeba mtoto na atafute mtu wa kumpokea.